Mwanasesere Aliyekanwa

Treni ya Lubumbashi ilikuwa imechelewa siku mbili, kwa hiyo ilipoingia Kamina asubuhi ile, stesheni nzima iliyakimbilia mabehewa kwa pamoja. Katika msukumano huo Kitwa, kijana aliyekumbatia kifurushi kifuani, alipigwa kiwiko. Karatasi ikapasuka, na macho mawili ya kioo yakabiringika hadi miguuni pa msichana aliyekuwa amekaa juu ya robota la vitenge.

Msichana alivaa gauni refu la kijani na mtandio wa maua mekundu. Aliyaokota, akayainua juani.

"Papa, macho yako imeanguka."

"Ni ya mugonjwa," Kitwa alijibu haraka. "Minyi natengenezaka meno ya bantu."

"Meno inaonaka sasa?"

Kitwa alicheka, ingawa masikio yalimwaka. Nusu ya maneno yake ilikuwa kweli: alikuwa fundi wa meno bandia. Msichana alikuwa Sifa, wa familia ya wafanyabiashara waliotoka Maniema, na alikuwa na meza ya vitenge sokoni. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi Kitwa alipita mezani pale kutafuta vipande vidogo vilivyobaki, vya upana wa kiganja.

"Allô, Papa wa Macho," Sifa alimpigia siku moja. "Ile vipande unakamataka, unavalisha nani? Panya?"

"Kuya ku atelier, utaona."

Sifa alikwenda mchana, mlango wa karakana ukiwa wazi. Juu ya meza, kando ya mataya ya plasta, kulikuwa na mikono, mapaja, kifua na kichwa chenye upara. Kitwa alipitisha uzi wa lastiki ndani ya viungo vilivyo wazi kama mirija, akauvuta, akaukaza kwa kulabu. Mwanasesere akasimama. Akamkunja goti, na goti likazunguka juu ya tufe lake bila sauti. Akamketisha, akamwegemeza kidevu kiganjani.

Sifa aliinama, akamtazama kwa karibu.

"Anaikala kama mama yangu kama amechoka," alisema.

Hakuna aliyewahi kumwambia Kitwa neno tamu kuliko hilo. Akamweleza yote: silikoni ya kalibu iliyotoka mbali na kupasuka baada ya kumwagiwa rezini, plastiki ya maji inayoganda, mara kumi na tano tu, vumbi linaloharibu mapafu, hata akalazimika kusugua kila kipande ndani ya maji, barakoa usoni, miezi mitano kwa mmoja. Mama Noémie wa Lubumbashi, anayekusanya wanasesere, alimchukua mmoja kwa mwaka, na malipo yote yalirudi kwenye vifaa.

"Nani anajua?"

"Weye tu. Mwanaume muzima na mapupe? Ku kanisa batanicheka."

"Minyi sikucheke, sheri," alisema Sifa, na kwa neno hilo la wapenzi Kitwa akaangusha msasa.

Sifa akawa anawashonea wanasesere magauni. Wakawa wanapigiana simu asubuhi na jioni, wakitaniana hadi salio liishe.

Kisha Jumamosi moja Kitwa alileta kichwa kipya sokoni ndani ya mfuko, Sifa akipimie nywele. Mama Kyabu, jirani wa meza, alisogeza mfuko apate nafasi ya kukaa. Kichwa kikatoka, kikaanguka juu ya vitenge, upara wazi, macho wazi. Mama Kyabu alipiga kelele. Watu wakajaa.

"Kichwa ya mutoto!"

"Ni buloji! Iko ya nani?" walipayuka kwa hofu ya uchawi.

Kati ya watu hao Kitwa alimwona Papa Stanislas, mzee wa kanisa lao la Kimetodisti. Sifa alimgeukia Kitwa, ametulia, akimngojea aseme.

"Sijue," alisema Kitwa. "Njo ya ule mama. Minyi nilikuya kuangalia kitenge tu."

Ati ni cha ule mama. Kama mtu asiyemjua hata jina. Akaondoka kwa haraka, na alipopinda kona akakimbia.

Wiki nzima hakuna aliyesimama mezani pa Sifa. Hamadi, kaka yake, alisema atampeleka Bukama kwa shangazi mpaka maneno yapoe. Kitwa hakuweza kula. Kazini aligeuza kioo cha wagonjwa kielekee ukutani, asijione. Alipiga simu siku tatu kabla hajajibiwa.

"Sifa, pardon. Niliogopa."

"Bote tuliogopa. Minyi nilibakia pale."

"Nakuomba..."

"Unaomba ku telefone, umejificha? Sina haya ya pupe, Kitwa. Niko na haya juu nilikuita sheri."

Simu ikakatika.

Jumamosi iliyofuata Kitwa alivaa koti lake la Jumapili, akaweka kigoda mbele ya meza ya Sifa, akamwaga vipande vyote vya mwanasesere juu ya gunia. Sifa aliendelea kukunja vitenge bila kuinua kichwa. Watu wakakusanyika tena, Papa Stanislas akiwamo.

"Kitwa, njo weye?" aliuliza mzee.

"Njo minyi, papa. Kile kichwa ilikuwa yangu. Nilisema bongo, haikuwa kweli. Uyu dada hakukosa kitu."

Akaanza kupitisha lastiki, na kulabu ikamponyoka mara mbili. Walicheka, naam, walicheka sana. Mwingine aliuliza kama anawanyonyesha pia. Papa Stanislas alitikisa kichwa, akaenda zake. Lakini Kitwa hakuinuka. Mama Kyabu alisogea, akaligusa goti la mwanasesere.

"Kumbe plastiki tu," alisema, kama aliyepunjwa. Kisha akamwambia Sifa, "Leta kile kitenge ya manjano, nione."

Jioni Sifa alifunga robota.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Bado. Hamadi iko ku nyumba."

Kitwa alibeba robota kichwani. Sifa alitembea mbele, hatua kadhaa, hakugeuka.

"Na kama atanifukuza?"

"Utarudia kesho."

Hamadi alifungua mlango, akasimama hapo hapo, mikono kifuani. Kitwa aliutua mzigo. Akamwita kwa heshima, kama kaka mkubwa.

"Yaya Hamadi, jina yangu njo Kitwa. Minyi natengenezaka mapupe. Na dada yako, nilimukana mbele ya bantu."

Sifa alipita katikati yao, akaingia ndani, akatoka na kiti, akakiweka mbele ya kaka yake.

"Ikala, Kitwa," alisema. "Mwambie yote."

Kisha akasimama nyuma ya kiti, mkono wake begani mwa Kitwa.