Maji Yasifike Ghalani

Risasi ya kwanza ilipasua gurudumu la nyuma.

Probox nyeupe ikayumba, ikaacha lami, ikazama vumbini nje kidogo ya Miasenyi. Kabla dereva hajafungua mlango, mdomo wa bastola ya Glock ulikuwa shavuni mwake.

"Toka. Polepole."

Wayua, afisa wa upelelezi, hakupaza sauti. Hakuwa amepaza sauti tangu mwezi uliopita, pale mpakani Taveta, mwenzake wa kazi Muasya alipofungua debe la magendo mvua ikinyesha. Debe lililipuka. Wayua alimzika, akarudi kazini, akangoja uchungu umshike.

Haukumshika.

Ndani ya buti kulikuwa na debe la mafuta ya taa. Ndani ya mafuta, vipande vya kijivu, laini kama sabuni.

Sodiamu.

Alikata kijipande kama punje ya mahindi, akakitupa kwenye dimbwi kando ya barabara. Kikaelea. Kikakimbia huku na huku juu ya maji kikichemka, kikawaka moto wa manjano.

Pa!

Kisha akafungua chupa yake ya maji, akaiinamisha juu ya debe.

"Mzigo mwingine uko wapi?"

"Madam, usimwage! Tutakufa sote!"

"Najua."

Lile neno ndilo lililomvunja Maundu, dereva wa magendo.

"Uko Voi! Ghala nyuma ya soko, ukuta mmoja na depo ya petroli iliyo kando ya reli. Danson, bosi wangu, anawasha moto mdogo tu mlangoni."

"Mdogo wa nini?"

"Wa kuita zima moto. Wao wenyewe ndio watamwaga maji. Kuna wageni wanamtuma. Wanataka reli ifungwe, mizigo ihamie bandari yao."

Wayua alimfunga pingu kwenye usukani, akainua simu ya setilaiti.

"Tai kwa Kituo."

"Sema, Tai."

"Zima moto Voi wasiguse maji. Ghala lina sodiamu. Na mtume askari Miasenyi, kuna mtu wa kuokotwa."



"Wameshatoka. Simu yao haipokelewi."

"Naenda."

Subaru yake ilinguruma. Malori yalirudi nyuma moja baada ya jingine, mji wa Maungu ukapita upande wa kioo, na yeye akaendesha kama mtu anayekwenda kununua mkate.

Voi, moshi mweusi ulikuwa umesimama juu ya soko. Gari jekundu la zima moto lilikuwa limeegeshwa, mpira wa maji umetandazwa. Mwandawiro, mkuu wa kikosi, alikuwa ameinua mkono kutoa amri.

"Afande, zuia maji! Humo mna metali inayolipuka ikiguswa na maji!" Wayua alimwambia.

"We ni nani? Huoni ghala linaungua?"

"Mwageni maji! Mwageni!" mwanamume mmoja wa shati la buluu alipiga kelele.

Wayua akamtazama. Umati wote ulikuwa unasukumana mbele. Yeye alikuwa nyuma ya ukuta wa mawe, kichwa tu nje.

Maji yakaanza kujaa mpirani.

Wayua akafyatua risasi.

Mpira ukapasuka, maji yakaruka barabarani, yakaelekea mtaroni. Watu wakalala chini. Matone machache yakafika mlangoni mwa ghala, yakagusa kipande kimoja cha sodiamu kilichoanguka.

Mwako wa manjano. Kishindo. Kofia ya Mwandawiro ikabingirika.

"Fungeni maji!" akapiga yowe. "Leteni mchanga!"

"Mchanga una unyevu," Wayua alisema. Akageukia duka la jumla lililokuwa ng'ambo, ambako Mwanamvita, mwenye duka, alikuwa ameshika shela mdomoni. "Mama, una chumvi kavu?"

"Ninayo tele, mwanangu. Magunia kwa magunia."

"Naitaka yote."

"Basi ichukueni, mwangojani?"

Wakaibeba mabegani, wakaimwaga juu ya moto mpaka ukakosa pumzi. Mapipa ya sodiamu yaliyokuwa nyuma yake hayakuguswa.

Shati la buluu lilikuwa limeshapanda pikipiki. Wayua alimdaka ukosi, akamwangusha kifudifudi.

"Umenijuaje?" Danson alihema.

"Ulitaka maji kuliko wote. Ukasimama mbali kuliko wote."

Danson akacheka, midomo imejaa vumbi. "Yule mwenzako wa Taveta alilia sana?"

Wayua alisubiri hasira ipande. Alisikia tu pingu zikilia: kli, kli.

"Hakupata nafasi," akasema.

Akamkabidhi kwa polisi. Mwandawiro akamfuata, kofia kwapani.

"Dada, mkono wako umeungua."

Aliutazama. Kiganja kizima kilikuwa na malengelenge. Hakukumbuka ameungua saa ngapi.

"Kweli," akasema.

Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akaenda zake kwenye gari, chumvi ikisagika chini ya viatu.