Sanduku la Sifa

Maundu alikutwa kifudifudi kwenye sakafu ya studio yake, kisogo kimepondwa, kando ya picha ya bibi mmoja tajiri wa Athi River ambaye rangi ya mashavu yake ilikuwa haijakauka.

Inspekta Mwikali alichuchumaa, akaitazama nyundo ya kupigilia fremu iliyotupwa chini ya kiti.

"Nani alimkuta?"

"Mkewe, afande," alijibu Koplo Jeff. "Mama Phyllis. Alikuwa amemletea chai ya jioni."

"Kimeibwa nini?"

"Sanduku la bati tu. Lile la sifa."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Machakos nzima ilimjua Maundu. Kama ulikuwa na pesa na ukuta, ulikuwa na picha ya Maundu. Maaskofu, wenye mabasi, wake wa wenye mabasi na, kwa siri, wale wengine wa wenye mabasi, wote walikuwa wamekalia kiti chake wachorwe sura. Kila gazeti lilipomwandika, alikata makala kwa wembe na kuihifadhi sandukuni pamoja na barua za wateja. Mgeni hakunywa chai kabla ya kusomewa. Watu walikuwa wakiambiana: ukienda kwa Maundu na una haraka, jifanye kiziwi.

Jikoni, nyuma ya studio, Mwikali alifukua majivu ya jiko kwa kijiti. Akaibua kipande cha hariri nyekundu, kimeungua pembeni. Vidole vya Mama Phyllis vilikuwa vyeusi kwa masizi.

Kituoni, mjane aliketi wima kama aliyeitwa kwenye kikao cha kanisa.

"Mama, ulichoma nini?"

"Makaa."

"Makaa hayana hariri."

Mwikali akangoja. Alikuwa na subira ya mtu aliyelelewa nyumba yenye dada wengi na bafu moja.

"Ni skafu," mama alisema hatimaye. "Nilimkuta nayo shingoni, imefungwa kama ya bwana harusi. Mimi mume wangu simjui na skafu. Nikajua ni ya yule msichana wa gazeti, Ciku, aliyeshinda naye mchana."

"Ndiyo ukampiga."

"Nilimkuta amekufa. Nikaifungua kabla sijapiga nduru. Majirani wangemwona na zawadi ya mwanamke shingoni, ningesemwa mpaka Masii."

"Mtu amekufa, wewe unawaza kusemwa?"

"Afande, wewe umeolewa?"

Mwikali akafunga faili.

Mambo yalimwendea vibaya mama huyo. Alikuwa ameharibu ushahidi kwa mkono wake mwenyewe, na soko zima lilikuwa limemsikia akiapa kwamba siku moja atalitia moto lile sanduku pamoja na wanawake wote waliomo. Hakimu akaruhusu azuiliwe hadi Ijumaa. Maziko yalikuwa Jumamosi. Kilonzo, mdogo wa marehemu, alisimama mlangoni mwa kituo na kutangaza kwa sauti ya mnadani, "Akishtakiwa, huyo hatagusa udongo wa kaburi la kaka yangu. Na ile nyumba ataiona kwa dirisha."

Mwikali alimwamini mjane nusu. Kwa ile nusu nyingine, akamwita Ciku.

"Skafu ulimpa lini?"

"Nikiondoka. Picha za gazeti tulikuwa tumemaliza. Alilalamika shingo yake inamzeesha, nikatoa moja kwenye mkoba, nikamfunga mwenyewe. Fundo begani, upande wa kushoto."

"Mlikuwa na uhusiano?"

Ciku alicheka, kisha akakumbuka aliko. "Afande, mzee alinisomea sifa zake mchana kutwa. Mwenye uhusiano naye ni sanduku."

"Ulimwacha na nani?"

"Peke yake. Barua zimejaa mezani, yeye yuko mbele ya kioo."

"Kuna mtu mwingine aliyeiona hiyo skafu?"

"Hakuna. Nilimfunga, nikaenda."

Habari ya skafu haikutoka nje ya ofisi ile. Mama Phyllis, kwa aibu, hakumwambia hata dadake.

Alhamisi jioni Mwikali alikwenda matangani, Mumbuni. Ukitaka kujua ya mtu, alipenda kusema, usimfuate nyumbani; fuata sufuria inayopikwa kwa ajili ya maiti wake. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye boma la ng'ombe, wakila, wakichanga, wakimchambua mjane kama mboga.

"Wivu ule," alisema mama mmoja huku akiongeza wali. "Alikuwa anamwonea wivu hata askofu."

"Mimi ningekuwa na bwana anayeshinda akiwatazama wake za watu machoni, ningefanya nini?" alijibu mwenzake. "Ningenunua nyundo mbili."

Kamati ya mazishi ilikuwa inangoja picha. Huku kwetu jeneza halitoki bila picha mbele yake, na isingekuwa heshima mchoraji wa wote azikwe na picha ya simu. Kazi hiyo alipewa Kibe, aliyefanya kazi na Maundu tangu ujana wao. Maundu alichora nyuso. Kibe alimalizia mikono na nguo. Mji ulijua. Magazeti hayakuwahi kuandika. Katika taarifa yake kwa polisi, Kibe alisema siku ya mauaji alipeleka picha Kithyoko na kurudi giza limeshaingia. Mteja alithibitisha kuwa aliipokea.

Kibe aliingia, akaiegemeza picha ukutani na kuondoa shuka. Watu wakasogea. Alikuwa Maundu mwenyewe.

Kilonzo akainamisha kichwa upande. "Kibe, sisi tulikupa picha ya suti na tai. Hiki kitambaa chekundu ni cha nini? Kaka yangu amekuwa mwimbaji wa klabu?"

"Kilimpendeza," Kibe alisema taratibu.

"Nani amewahi kumwona nacho?"

Kibe akaanza kuikunja ile shuka. Mwikali akaweka sahani ya wali chini. Fundo lilikuwa begani, upande wa kushoto.

Hakumkamata mbele ya watu. Alimwomba amsindikize kwenye gari, na Kibe akaenda akijifuta mikono kwenye suruali.

"Skafu uliiona wapi?" alimwuliza kituoni.

"Kwenye picha za gazeti."

"Zilipigwa kabla hajaivaa."

"Basi ni Mama Phyllis aliniambia."

"Mama Phyllis yuko ndani tangu jioni ile, na aliichoma ili isionekane. Walioiona shingoni mwa Maundu ni aliyemfunga, aliyeifungua, na wewe."

Kibe aliomba maji. Alikunywa yote.

"Nilidhani mmemkuta nayo," alisema. "Nilidhani kila mtu ameiona. Mimi nguo huichora nilivyoiona mwisho."

"Ulirudi mapema."

"Mapema. Nikamkuta anajitazama kwenye kioo, anaimba. Barua zimetapakaa. Sikuwahi kuzishika, afande; alikuwa akinisomea yeye. Nikaokota moja niipange. Mjane wa Yatta. Ameandika uso wa mumewe haukumpata vizuri, lakini mikono ni yeye kabisa, na kila asubuhi anaisalimia. Nikaokota nyingine. Mikono. Nyingine, kanzu ya mzee wao wa msikitini, jinsi inavyokunjika magotini. Zilikuwa nyingi. Miaka yote alinisomea zile za nyuso tu."

"Ulimwuliza?"

"Nilimwuliza kwa nini alinificha. Hata hakugeuka. Akasema, 'Ningekuonyesha, ungefungua duka lako ng'ambo ya barabara, nami ningebaki na nyuso zisizo na miili.'"

"Kwa hiyo ulimwonea wivu."

"Wivu wa magazeti niliuzoea, kama mtu na jino bovu. Lakini kumbe naye alikuwa ananionea mimi. Yeye, na sifa zote hizo. Mimi nimeishi kama kivuli kwa sababu mtu ananionea wivu, na hata sikujua nifurahi. Kisha akaniambia niziokote, nazikanyaga. Nyundo ilikuwa karibu."

"Na sanduku?"

"Liko kwangu, Katoloni. Nilitaka kulichoma, nikashindwa. Nilikuwa bado natafuta zangu."

Koplo Jeff aliandika mpaka mwisho. Kibe akasoma, akatia sahihi kwa herufi nzuri, kubwa, kama za pembeni mwa picha.

Ijumaa asubuhi Mama Phyllis alitolewa ndani. Kilonzo alikuwa amesimama uani, amemshikia koti na mkoba, hajui pa kutazama.

"Shemeji," alisema, "twende nyumbani. Wanakungoja upange mambo ya kesho."

Mama alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote. Kisha akamgeukia Mwikali.

"Huyo Ciku atakuja kuzika?"

"Gazeti lake limemtuma, mama. Siwezi kumzuia."

Mjane alifikiri, akarekebisha kitambaa cha kichwani.

"Aje," alisema. "Lakini atakaa hema la nyuma, na wale wanaokodisha viti."