Mashua Iliyogongwa Upande Mmoja

Nitegulieni kitendawili hiki kwanza, wajukuu zangu. Nyumba yangu haina mlango. Mgeni akiingia, wenyeji tunatoka. Ni nini?

Ukisema yai, umekosa.

Fikirini huku mkinisikiliza...

Maji yalikuwa yamenifika magotini. Nimekaa ndani ya mashua yetu, siku yetu ya kwanza kutoka nayo, ufukwe uko mbali.

"Mama, wewe chota tu. Usiangalie nyuma," mwanangu alisema.

Nikaangalia.

Ufukweni alisimama mdogo wangu, tumbo moja na mimi, fundi wa mashua. Yeye ndiye aliyetuchagulia. Mikono ameitia mfukoni, anatutazama tu...

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Tuliuza kiwanja alichoacha marehemu mume wangu. Nilitaka kitinda mimba wangu aache kuvulia watu, awe na chombo chake.

Mashua za kuuzwa zilikuwa mbili, zote mitumba.

Ya kijani ilikuwa na sura ya kufukuza wateja. Ilikaa nchi kavu muda mrefu, mbao zikaachana. Tulipoishusha majini ikanywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni.

Ya bluu? Rangi mpya, inameta. Ndani kavu, ungeweza kutandika ukalala.

"Mimi naitaka ya kijani, mjomba," mwanangu alisema. "Imekauka tu. Ikilala majini mbao zitavimba, itajiziba yenyewe."

"Fundi hapa ni nani?"

"Ni wewe, mjomba."

"Basi tulia. Dada, unataka chombo au chujio?"

Nikacheka mpaka nikashika kiuno. Huyu tangu utoto ana maneno.

Akatoa nyundo yake ya mbao, akaanza kuigonga ya bluu, ubao kwa ubao, sikio karibu. Ubao mzima huitikia. Uliooza hunyamaza. Upande wa kulia wote uliitikia, hata mimi nilisikia.

Kisha akairudisha nyundo kapuni.

"Nzima hii."

"Mjomba, mbona umegonga upande mmoja tu?"

Akalitia kapu begani.

"Mjomba?"

"Dada, hivi leo chai hakuna?"

Nikamkonyeza mwanangu anyamaze. Tukainunua ya bluu kwa dalali aliyekuwa akiziuza zote mbili.

Sasa turudi majini.

Upande wa kushoto ulifunguka kama gunia lililokatika uzi. Chini ya ile rangi kulikuwa na matambara na lami, mbao hakuna! Mashua ikaenda chini na nyavu zetu zote. Wavuvi wenzetu walitukuta tumekumbatia dumu tupu, mimi na uzee wangu.

Mmeshakitegua? Nyumba ni mashua. Mgeni ni maji.

Nilipopata nguvu ya kutembea, nilikwenda kwa dalali. Pale nje nikaiona ya kijani inaelea, imevimba, imejiziba, kavu kabisa.

"Hii ya nani sasa?"

Dalali akajikuna shingo. "Ya mdogo wako, mama. Ameinunua."

"Kwa pesa gani?"

"Hizo hizo zenu... Ile ya bluu ilikuwa yake. Mimi nilikuwa mdomo tu."

Nilikaa chini palepale, kwenye mchanga.

Kiwanja hakuna. Nyavu hakuna. Na mwanangu? Kila alfajiri anapanda ile ya kijani, anamvulia mjomba wake kwa ujira. Hapa kwetu hakuna mwingine mwenye nafasi ya kazi. Nafua nguo zake zinanuka samaki wa mtu mwingine.

Wajukuu, mkinunua kilichotumika, nyundo ishikeni wenyewe, mgonge pande zote. Hata kama mmenyonya ziwa moja na fundi.

Jana mdogo wangu alikuja, akakaa kizingitini kwangu kama zamani. Nikampa chai. Ningefanya nini? Mkate wetu uko mkononi mwake.

Mwanangu alikuwa ananawa miguu. Hakuinua kichwa.

"Mjomba, mbona uligonga upande mmoja tu?"

Mdogo wangu akaipuliza chai yake, akanywa, akaweka kikombe chini.

"Ningeugonga wa pili, mjomba, nyundo ingetokea ndani."