Shati Alilolalia Paa

Jumapili alasiri watu walijazana kwenye bustani ya wanyama kama siafu kwenye sukari. Ni bustani ndogo tu ndani ya uwanja wa mapumziko, lakini kuingia ni bure, na cha bure hakikosi watu. Wanyama wenyewe si wengi: kobe, tumbili wenye inda, tausi wa maringo, paa wachache, na mbuni aliyejiona ndiye meneja.

Binti mmoja, fundi cherehani, alikuja na shangazi yake aliyemlea. Alivaa gauni la manjano la mkono wake mwenyewe, kiuno kimemkaa barabara. Kosa lake lilikuwa moja: alikuwa ametoka dukani na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Mafundi ndivyo walivyo. Alipoinama kwenye uzio, mbuni akanyoosha shingo, akanyakua futi, akatimua mbio.

"Mwizi!" fundi akapiga ukelele.

Watu wakaangua kicheko. Mlishaji wa wanyama, kijana mrefu mwenye koti la kijani na mabuti ya mpira, akaruka uzio, akambembeleza mbuni kwa jani la kabichi, akarudi na futi imelowa mate.

"Samahani, dada. Anataka suruali. Amechoka watu kumkodolea mapaja."

"Mwambie apange foleni kama wateja wengine."

"Na mimi nipange wapi?"

"Wewe suruali unayo."

"Sina namba yako ya simu."

Shangazi akakohoa. "Kijana, tumekuja kuangalia wanyama, hatukuja kuangaliwa." Lakini akamgeukia kobe, akamtazama mpaka namba ikaisha kutajwa.

Basi simu zikaanza.

"Bi Futi wangu, umeamkaje?"

"Salama, Bwana Mbuni. Wanao hawajambo?"

"Tumbili kaniibia kofia. Tausi kaninunia. Na wewe je?"

"Mimi naringa tu. Nikamuulize tausi anafanyaje?"

Mapenzi kikohozi. Haukupita muda, hata wateja wakawa wanajua simu ya nani ni ya nani, kwa jinsi fundi alivyoacha kukanyaga cherehani. Akamshonea kijana shati: bluu iliyokoza, vifungo vya mti, mishono yote imefichwa ndani. Hakumpima, alimkadiria kwa macho, akapatia.

"Hili usilivae ovyo," akamwambia. "Liweke mpaka siku utakayokuja kujitambulisha kwa shangazi. Nikikuona nalo mlangoni, nitajua umemaanisha."

"Naahidi, laazizi."

Siku ikapangwa, Jumamosi. Ijumaa fundi akapitia bustanini bila kusema, amshtukize mpenzi wake. Hakumkuta. Alichokikuta, kwenye banda la paa, juu ya majani makavu, ni shati la bluu. Limejaa matope, mkono mmoja umetafunwa, na mtoto wa paa amelilalia kama godoro.

Akapiga simu hapo hapo.

"Nimepita kazini kwako. Nimeona shati."

"Umeliona!" Sauti ya mlishaji ikachangamka. "Mpenzi, lile shati ni dawa! Kalilalia, kalitafuna, sasa ananyonya chupa vizuri. Hakuna nguo iliyomfaa kama ile!"

Fundi akaanza kutembea kuelekea getini.

"Haloo? Bi Futi?"

"Kumbe nimeshona tandiko la mnyama. Kesho usije. Na namba yangu uifute."

Mlishaji akabaki anaitazama simu. Maskini, alidhani anamsifia. Akapiga tena na tena. Dukani simu ikawa inatetemeka juu ya meza ya kukatia, imefunikwa uso chini, kama inzi aliyenaswa.

Jumamosi asubuhi shangazi aliingia dukani, akaliinua gauni la mteja.

"Mwanangu, huyu mteja ana mikono miwili ya kushoto?"

Fundi akalia, akaeleza yote. Shangazi akafikiri kidogo.

"Mtu akidharau kitu hukitupa jalalani. Huyu kampa mnyama anayemlea. Vaa viatu."

Getini walimkuta mama mfagiaji, ufagio mkononi.

"Wewe ndiye fundi? Karibu. Huyo mtoto wa paa kafiwa na mama yake, akagoma kula. Anamtaka mlishaji tu, na mlishaji ana wengine wa kulisha. Sisi huku huacha nguo yenye harufu ya mtu, mtoto atulie. Tukaweka koti lake, akaligeuzia mgongo, maana makoti yanafuliwa kwa dawa kila jioni. Tukaweka fulana yake ya kazini, nayo hufuliwa hivyo hivyo, wapi! Ndipo kijana akaenda kwake, akarudi na hilo shati amelikumbatia, uso umemshuka."

Walipofika kwenye banda la paa, fundi akapenyeza mkono kwenye uzio, akaligusa shati. Shati ambalo halijatoka mlangoni hata mara moja, lakini kola imelainika, viwiko vimeng'aa, tundu la kifungo cha juu limelegea. Mtu anaweza kumdanganya fundi, kitambaa hakimdanganyi.

Mlishaji akatokea na chupa ya maziwa, macho mekundu. Akasimama ghafla.

"Uliniahidi hutalivaa," fundi akasema.

"Nimekosa."

"Ulikuwa unalivaa lini?"

"Kila jioni nikishaoga. Nalala nalo." Akayatazama mabuti yake. "Niliona haya kukwambia. Ndiyo nguo pekee yenye harufu yangu."

Shangazi akamgeukia kobe.

Fundi akacheka. Futi ilikuwa shingoni, kama kawaida. Akaivua, akamzungushia mlishaji shingoni, akamvuta taratibu.

"Umekonda."

"Simu haipokelewi, chakula kitapita wapi?"

"Leo kuna mgeni nilikuwa namngoja nyumbani," shangazi akamwambia kobe. "Aje hata na mabuti, mradi ayafute mlangoni."

"Nije kujitambulisha, mama?"

"Umeshajitambulisha. Njoo useme unachotaka."

"Nataka kuoa."

"Sasa unaniambia mimi?"

Mlishaji akageuka, futi bado iko shingoni. "Bi Futi, utanikubali?"

"Itabidi nishone mashati mawili," fundi akasema. "La harusi, na la kulalia. Lile mwachie paa wa watu."

Nyuma yao shingo ndefu ikaanza kunyooka polepole juu ya uzio. Safari hii fundi alikuwa macho. Akaivua futi shingoni mwa mlishaji, akaifumbata kiganjani pamoja na mkono wake, na akaushikilia hivyo hivyo mpaka nyumbani.