Ukuta wa Jikoni kwa Bi Shemsa

Shemsa alianza kuona jambo siku aliyochora jiko lake jipya.

Ilikuwa mwaka wa sitini na saba. Mumewe, Hija, mchukuzi wa bandarini, alikuwa amepewa na serikali sehemu ya chini ya nyumba kongwe Mji Mkongwe ambayo wenyewe walishahama. Kila kitu kilimpendeza Shemsa isipokuwa jiko: chumba cheusi kwa masizi, hakina hata dirisha. Akachukua chaki, akachora sakafuni anavyotaka kiwe: mafiga hapa, pipa la maji pale, na ukuta wa nyuma utobolewe moshi upate pa kutokea.

Akaenda kusali adhuhuri. Aliporudi mistari ilikuwa imefutika, na pahala pake pameroa, pananata, pananuka kama kinywa cha mtu aliyelala na nyama menoni. Akadhani ni paka. Akapiga deki, akachora tena. Baada ya alasiri akakuta vile vile.

Fundi Ame, muashi wa Tumbatu, alikuja kutoboa ukuta. Chokaa ilipobanduka yakachuruzika mafuta mazito ya manjano, yana nywele na magamba ya samaki, Shemsa akaziba pua kwa kanga. Ame alisema ni uchafu wa wapishi wa zamani. Akapanua tundu, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko apapase jiwe lililolegea, na hapo akabaki ameinama vile vile huku Shemsa akisikia ndani ya ukuta sauti ya kufyonza, polepole, kama mtoto anayenyonya, mpaka fundi alipouchomoa mkono wake, nao umeroa udenda, umekunjamana na kuwa mweupe kama wa maiti aliyeopolewa baharini, hauna hata unywele mmoja.

"Bi Shemsa," alinong'ona, "mna ulimi humu."

Akaondoka, zana zake kaziacha pale pale.

Shemsa na mumewe wakamwita Bi Mwatima, mganga wa Donge. Alifukiza ubani, akasoma, akatega sikio kwenye tundu kwa muda mrefu. Kisha akawaeleza kwamba mle ukutani mna jini, nalo lilikuwapo kabla ya nyumba, waliohama walikuwa wakililisha, na tangu waondoke halikupata kitu ila masizi. Yeye hawezi kulitoa. Walilishe, au wahame kabla halijatafuta chakula vitandani.

Hija alisema kulilisha jini ni shirki, bora wahame. Shemsa akakumbuka chumba chao cha Ng'ambo, watoto wanne kitanda kimoja, na mvua inawavujia.

"Mie sirudi kule," alisema. "Ntalilisha."

Akatenga bakuli moja. Kila mchana, kabla hajampakulia mtu, alitia wali na mchuzi, akalisukuma tunduni, akageuka asione, ila masikio hayana kifuniko: alisikia kulamba, kufyonza, na kile kicheuo kirefu cha mwisho. Wiki ya kwanza alitapika kila siku. Ya tatu alikuwa akimenya vitunguu huku akisubiri limalize.

Mwezi wa pili mama mkwe alikuja kutoka shamba na wageni wengi, vyombo vikapungua. Shemsa akalitoa bakuli tunduni. Lilikuwa jeupe, linang'aa kwa kulambwa.

Akalitazama kidogo. Hakuliosha. Akampakulia mama mkwe.