Shela la Siwema

Siku hiyo Siwema alikuwa bibi harusi. Kanga ya mama ndiyo gauni. Na shela? Chandarua cha kaka Mbwana, kirefu, kinaburuzika mpaka nje.

Watoto wa jirani wakapiga debe. Ndu-ndu! Ndu-ndu! Bwana harusi alikuwa Shauri, na kofia yake ya boksi. Wakaicheza harusi mpaka mwisho wa shamba la mihogo.

Ndani, Mbwana alikuwa amelala. Ana malaria, maskini. Dawa amekunywa, lakini meno bado yanagongana, ka-ka-ka, ka-ka-ka.

Damuni mwake kulikuwa na vijidudu, vidogo hata huvioni. Havina miguu. Havina mabawa. Basi vikaimba:

Mbu, mbu, tubebe!
Mbu, mbu, twende zetu!

Jua likashuka. Zzzii… Mbu huyo dirishani, tumbo tupu.

Mama akaingia na uji. Akatazama juu ya kitanda. He! Kamba tupu.

Akamkimbilia Siwema shambani, akamweleza yote. Mbu akimnyonya Mbwana, atanyonya na vijidudu. Vitakua tumboni mwa mbu, vitapanda mpaka mdomoni.

"Halafu siku moja atakuuma wewe, mwanangu," mama alisema. "Vitashuka kwako, viingie kwenye ini, kisha damuni. Utatetemeka kama kaka yako."

Siwema akalishika shela lake. Alilipenda sana. Machozi yakamlengalenga.

Kisha akasema, "Harusi inahamia kitandani kwa kaka."

Ndu-ndu! Ndu-ndu! Wote mbio. Bibi harusi mbele, bwana harusi nyuma, kofia puu, chini! Mama naye anakimbia, anapiga vigelegele.

Zzzii… Mbu anaukaribia mguu wa Mbwana.

Mbu, mbu, tubebe!
Mbu, mbu, twende zetu!

Fwaaa! Chandarua juu. Chomeka huku, chomeka kule. Bibi harusi naye akajitumbukiza ndani.

Mbu akaja. Tii! Akagonga shela. Akazunguka. Tii! Akagonga tena. Vijidudu vikakosa usafiri.

Mbwana akafumbua macho. "Harusi gani haina pilau?" akauliza.

Siwema akacheka mpaka kitanda kikatikisika. Wakanywa uji wa harusi, bakuli moja, vijiko viwili.

Dawa ikafanya kazi yake. Meno ya Mbwana yakatulia.

"Kaka," Siwema akanong'ona, "kesho nitavaa shuka."

Wakalala, wote wawili ndani ya shela.

Nje, zzzii… tii!