Daftari la Bibi Mabruka

Kila siku akitoka shule, Rawia alifanya mambo matatu kabla ya kula. Alinawa mikono, alichambua maua ya mdanzi, ule mchungwa wa machungwa machungu, yaliyotandazwa shukani, kisha akafungua daftari la kijani na kuandika uongo.

Daftari hilo lilitoka kwa Olfa, mwanafunzi wa uzamivu aliyepata ufadhili wa kuchunguza wazee ambao kumbukumbu zao zimeanza kupungua kidogo, lakini bado wanajitegemea. Alitaka kujua ni nini kinachowasaidia waishi kwa amani na furaha. Bibi Mabruka hakujua kusoma, na mama yake Rawia alishinda kiwandani akishona nguo. Basi Olfa akamkabidhi Rawia daftari. Kila ukurasa ulikuwa na maswali mawili: Leo amesahau nini? Leo moyo wake ulikuwaje?

"Andika unachokiona," Olfa alimwambia. "Usinipambie."

Rawia alipamba. Siku Bibi alipotia chumvi kwenye chai, aliandika: Hakusahau kitu. Siku Bibi alipopotea akitoka sokoni, njia aliyoipita miaka hamsini, aliandika: Hakusahau kitu. Na moyo wake? Furaha.

Hakuwa mtoto mwongo. Aliogopa. Pale mjini Nabeul, kila Aprili, nyumba inayojiheshimu hukeneka maji ya maua kwa mvuke, na mtaani kwao hakuna aliyeyakeneka kama Bibi Mabruka. Majirani walimletea maua yao. Lakini Mama alikwisha kusema, "Daktari anasema kusahau kwenyewe ni kidogo. Kukizidi, mtambo ule wa kukenekea naufungia stoo. Moto si mchezo." Rawia alimjua bibi yake. Akinyang'anywa mtambo, atakaa kitini na kufa polepole.

Jumamosi moja asubuhi jirani yao, Mama Zina, alileta kapu la maua, mavuno yote ya mdanzi wake mmoja.

"Mabruka, nakuachia. Ukiniharibia nitakutangaza mpaka Hammamet."

"Nenda zako. Mtu hajui hata kuchemsha yai, anakuja kunifundisha maua."

Bibi akawasha moto. Mvuke wa maua ulipanda kutoka chungu cha shaba, ukagonga kifuniko kilichojazwa maji baridi, ukageuka matone na kudondoka chupani. Maji ya juu yakipata moto hubadilishwa. Bibi alihesabu kichwani: yakibadilishwa mara saba, kazi imekwisha na moto unazimwa. Ukizidisha, chungu hukauka.

Rawia alikuwa kando, akifanya hesabu za shule.

"Haya ni maji ya ngapi?" Bibi aliuliza ghafla.

Rawia hakuwa amehesabu. Lakini aliona mashaka usoni mwa Bibi, akataka kuyafuta upesi. "Ya nne, Bibi."

Yalikuwa ya saba. Baada ya muda harufu ya kuungua ilijaa uani. Bibi alikimbia akafunua chungu kwa mkono mtupu, na mvuke ukamchoma kuanzia kiganja mpaka kiwiko. Alisimama akiyatazama maua meusi chini ya chungu, akasema taratibu, "Maua ya watu."

Jumatatu jioni, Mama akiwa ametoka kiwandani, Olfa alikuja. Alifungua daftari, akasoma kurasa zote, kisha akautazama mkono uliofungwa bandeji.

"Kwa daftari hili, bibi yako ana akili kuliko mimi."

Rawia aliinamisha kichwa. "Nimedanganya."

"Tangu lini?"

"Ukurasa wa kwanza."

Olfa alifunga daftari. "Kurasa hizi hazinifai tena. Hilo nitalieleza kwa walimu wangu. Lakini ningejua anasahau kiasi hiki, ningekuja kabla ya msimu tupange namna. Bakuli la maharage tu: kila akibadilisha maji, anatia punje moja. Si dawa, na dawa ya kumrudisha alivyokuwa sina. Lakini mkono huu usingeungua."

"Na mimi ndiye niliyemtisha mtoto," Mama alisema, "na habari za kufungia mtambo."

"Mnanizungumzia kama sipo," Bibi alisema. Akamgeukia Rawia. "Ulinionea aibu?"

"Hapana, Bibi. Niliogopa watakunyang'anya mtambo."

"Wangeninyang'anya ningelia, kisha ningenyamaza. Lakini kila asubuhi nilijiuliza: mbona mimi peke yangu ndiye ninayeona akili yangu inaondoka, na nyumba nzima haioni? Nilidhani nina wazimu. Ulifikiri unanifichia aibu, kumbe uliniacha peke yangu na ugonjwa. Sikiliza, mwanangu. Ukimpenda mtu, usimfiche ukweli wake. Mwambie, ili muubebe wawili."

Rawia alilia, na hakuna aliyembembeleza. Ilibidi alie.

Mtambo haukufungiwa stoo. Mama aliweka sharti moja: moto usiwashwe bila mtu mzima kando. Mama Zina alinuna siku tatu. Siku ya nne alileta kapu dogo la maua aliyoomba kwa dada yake, akavuta kiti karibu na bakuli la maharage. "Leo nakuchunga mwenyewe," alisema.

"Chunga mdomo wako kwanza," Bibi alimjibu.

Jioni ile Rawia alifungua daftari jipya.

"Andika," Bibi alisema. "Leo nimesahau jina la babu yako. Nimelitafuta tangu asubuhi."

"Tijani, Bibi."

"Naam. Tijani." Alilirudia mara mbili, kama mtu anayeonja chakula. "Andika hivyo hivyo."

Rawia aliandika. Likabaki swali la pili, la moyo.

"Andika sikulia," Bibi alisema.

Rawia alimtazama. "Umelia kidogo, Bibi."

Bibi alijifuta macho kwa ncha ya shali.

"Basi andika kidogo."